Unga Chini ya Mkwaju

Kidole gumba cha Hashimu Ngayonga kilikuwa ndani ya sikio la nyati, kikitenganisha ngozi na gegedu taratibu, pale Chande alipofika nyuma ya jiko na habari yake.

"Mti wa kutundikia chambo tumeupata," Chande aliwaambia wapishi huku akichota maji kwenye pipa. Yeye ndiye aliyekuwa mfuata nyayo wa kambi, na alipenda kusikilizwa. "Mkwaju huo, acha kabisa! Tawi limelala kama benchi. Chui akipanda pale atakula nyama amejinyoosha, bwana harusi mtupu. Na chini yake kuna jiwe la kusagia, limefunikwa kifudifudi."

"Jiwe la kusagia, porini?" mpishi alicheka. "Anasaga nani, nyani?"

"Nimuulize nyani? Mimi nimelijua kwa kujikwaa, kucha nusura ing'oke."

Hashimu alichomoa kidole. Banda la kuchunia lilikuwa karibu na jiko, upande ambao upepo hauwapelekei wageni harufu, na kutoka hapo alizoea kusikia kila kitu bila kuulizwa chochote.

"Chande," aliita. "Hapo penye mkwaju, vijito viwili vinakutana?"

"Vinakutana, ila sasa hivi ni mchanga tu. Umejuaje wewe, unayeshinda humo na chumvi kama samaki ng'onda?"

Hashimu alilirudia sikio la nyati, lakini mawazo yalikuwa yamehama, na sikio la nyara likishachanika hakuna wa kulishona lisionekane. Akaweka kisu chini, akakaa juu ya gunia la chumvi. Jiwe hilo alikuwa amelitafuta zaidi ya nusu ya maisha yake.

Aliyemtuma kulitafuta ni mama yake, Bi Somoe. Kila mwaka kiangazi kilipoanza, gari la kambi likikaribia kuja kijijini kuchukua vibarua, Bi Somoe alisaga unga wa mtama kwa mkono wake, akaufunga kwenye kipande cha kanga na kumpa mwanawe. Macho yake yalikuwa hayaoni tena, lakini unga huo hakumwachia mtu mwingine ausage. "Ukipaona, mmwagie," alikuwa akisema. Na kila mwaka msimu ulipokwisha Hashimu alirudi na fundo lile lile, unga umeshaingia wadudu. "Hukupaona?" "Sikupaona, mama." Basi Bi Somoe alifungua fundo akawamwagia kuku, na kuku wakala chakula cha marehemu bila haya.

Marehemu mwenyewe alikuwa mama yake Bi Somoe. Somoe alikuwa msichana mdogo, hajavunja ungo, serikali ya Mwingereza ilipowaambia watu wa kule watoke. Waliambiwa ni malale, wakaambiwa ni tembo wanaokula mazao, wakaambiwa mengi. Nyumba zikachomwa moto ili mtu asipate sababu ya kurudi. Mama yake alikuwa amezikwa siku chache tu kabla ya hapo, chini ya mkwaju, penye makutano ya vijito, na hata unga wa kumwaga kaburini ulikuwa haujasagwa. Waliondoka na kile ambacho kichwa kiliweza kubeba. Jiwe la kusagia la marehemu halikubebeka, wakaligeuza kifudifudi juu ya kaburi, kama afanyiwavyo mwanamke aliyeiacha kazi yake, wakaenda zao.

Unga ule ambao haukumwagwa ulimkaa Bi Somoe kooni tangu siku hiyo. Kwao, maiti asiyemwagiwa unga ni kama mgeni aliyeambiwa karibu, akafika uani, wenyeji wakamsahau. Hajafukuzwa, lakini hajaingia ndani.

Baada ya watu kutolewa, mahali hapo paliitwa pori la akiba, kana kwamba pamekuwa pori tangu Mungu aumbe dunia. Wazungu wakaja na vibali vyao, wakaua tembo, wakaua simba, wakapigwa picha mguu ukiwa juu ya mzoga. Mjomba wake Hashimu aliingia humo humo kufuata asali, akakamatwa na upinde na paja la pongo, akaitwa jangili. Alirudi kutoka jela akikohoa, wala hakukohoa muda mrefu. Mwingereza akaondoka, bendera ikabadilika, lakini neno lile halikuhama: mwenye bunduki na kibali ni mwindaji, mwenye upinde ni jangili. Hashimu aliliona hilo mapema, akatafuta mlango mwingine. Alijifunza kuchuna. Kisu kilimwingiza kila mwaka kule ambako upinde ulimponza mjomba wake.

Shida ni kwamba mchunaji haendi popote. Anakaa bandani, wanyama ndio wanaomfuata. Alikuwa ndani ya nchi ya mama yake na bado hajaiona, na kila gari lililorudi na mzoga alitamani kuuliza mzoga umepita wapi.

Na msimu huu ulikuwa wa mwisho. Mwakani kitalu hicho cha uwindaji kilikuwa kinageuzwa hifadhi ya watu wa kupiga picha, hakuna risasi tena. Wapenda wanyama walifurahi sana huko mijini, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila watu wa picha hawahitaji mchunaji. Mlango wa Hashimu ulikuwa unafungwa, tena na watu wema.

Jioni ile alimwendea Bwana Kofia. Huyu ndiye aliyekuwa mwindaji bingwa wa kambi, mzungu mzaliwa wa Arusha, ambaye baba yake na babu yake waliwaongoza wageni kuwinda katika pori hilo hilo. Jina lake halisi liliandikwa kwenye milango ya magari, lakini hakuna aliyelitumia. Kiswahili alikinyonya kwa yaya wake, na alikisema vizuri kuliko baadhi ya mabwana shamba.

"Bwana, nina ombi," Hashimu alisema. "Naomba kufika kwenye ule mkwaju mlikotundika chambo. Kuna kaburi la bibi yangu pale."

Bwana Kofia aliacha kufuta bunduki. "Kaburi? Pale?"

"Ndiyo, bwana. Bibi mzaa mama."

"Hashimu, babu yangu aliingia humu kabla barabara haijafika. Alikuwa akituambia hapakuwa na binadamu hata mmoja. Mbung'o tu na wanyama." Alisema bila ubaya, kwa sauti ya mtu anayekumbuka hadithi aliyoipenda utotoni.

Hashimu alitaka kumwambia kwamba babu yake alifika majivu ya nyumba za watu yakiwa yameshapoa. Neno lilifika kwenye meno likakwama. Alikuwa amekula chumvi ya mtu huyu miaka mingi, na hakumchukia. Angemchukia, ingekuwa rahisi.

"Ni muda mfupi tu, bwana. Nimwage unga, nirudi."

"Mgeni wangu amemwota chui huyu tangu ujana wake. Sasa ni mzee, hatarudi tena, na mwakani hakuna kitalu. Chui akinusa jasho la mtu pale, harudi. Ngoja apigwe. Akishapigwa nitakupeleka mwenyewe kwa gari, kiti cha mbele. Sawa?"

"Sawa, bwana."

Haikuwa sawa hata kidogo. Chui akipigwa kwenye mti ule, damu itamwagika juu ya kaburi kabla ya unga. Hashimu alikuwa amefundishwa na wazee wake mengi kuhusu unga, namna ya kuushika, upande wa kukaa, maneno ya kusema. Hakuna aliyewahi kumfundisha afanye nini ikiwa damu imetangulia.

Walipokaa motoni kabla ya chakula, mgeni alitaka kuzungumza na wafanyakazi wote. Alikuwa Mmarekani mpole, mwenye mikono mikubwa na nywele chache nyeupe, aliyesalimia kila mtu hata mwosha vyombo. Aliweka mkono kifuani, na Bwana Kofia akawa anawatafsiria. Alisema anapenda wanyama kuliko watu wengi wanavyodhani. Alisema kama si wawindaji kama yeye, na wa zamani waliomtangulia, pori hili lingeshakwisha na chui wangebaki kwenye vitabu.

Wafanyakazi walitikisa vichwa kwa adabu. Osmundi Tawete, askari wa wanyamapori aliyepangwa kufuatana na msafara huo, alimwinamia Hashimu sikioni.

"Kumbe wao ndio walinzi," alinong'ona. "Na ninyi mateka wangu mlipokuwa mnaishi humu, mlikuwa mnafuga nini? Mende?"

"Tulikuwa tunafuga Wangoni. Wakawa wanakula sana, tukawaacha."

Tawete alibana kicheko mpaka akakohoa. Alikuwa Mngoni wa Songea, yaani mtani wa Hashimu, kwani zamani babu zake waliwateka babu zake Hashimu vitani, na tangu aletwe kambini hapo alikuwa hajamwita kwa jina lake hata siku moja. Ila Hashimu hakumwambia lililo moyoni. Mtani ni mtani, na askari ni askari, na siku zote hujui utakutana na yupi.

Kesho yake mchana, jua lilipokuwa kali na kila mtu amejilaza, Hashimu alinawa mikono kwa majivu na sabuni. Alinawa tena. Harufu ya ngozi haikutoka, na alijua haitatoka. Akalitoa fundo la kanga chini ya mto wake, akashika njia ya gari.

Alijiambia kwamba chui hashuki mchana. Hilo lilikuwa kweli. Lakini moyoni alikuwa na jingine ambalo hakulisema hata kwa ulimi: jasho lake likimfukuza chui asirudi tena pale, basi na iwe hivyo. Mgeni aende kwao bila ngozi. Bibi alale bila damu.

Aliujua mkwaju kabla hajauona vizuri. Hajawahi kufika, lakini mama yake alikuwa amemweleza mara nyingi hata miguu yake ikapunguza mwendo yenyewe. Vijito viwili vilikuwa mikanda ya mchanga mweupe. Upande wa pili palikuwa na vichuguu vilivyopangana kwa namna ambayo mchwa hawajipangi, na akaelewa kuwa pale palikuwa na kuta. Juu ya tawi paja la nyati lilining'inia kwa mnyororo, limeshaliwa upande mmoja, nzi wamejaa. Ni nyati wake, aliyemchuna mwenyewe. Na chini, katikati ya mizizi, jiwe lilikuwa limelala kifudifudi.

Alichuchumaa akaliwekea kiganja. Lilikuwa na joto la jua. Alifungua kinywa atoe salamu.

"Simama hapo hapo, mateka!"

Tawete alikuwa nyuma yake, bunduki begani, anahema kwa kukimbia. Hakuwa anacheka.

"Nimekufuata tangu kambini. Unajua sheria? Unajua mimi naweza kukufunga hapa nilipo? Mchunaji, peke yake, nje ya kambi, kwenye chambo cha chui! Kibali chako cha kuwa hapa kiko wapi?"

"Kiko chini ya jiwe hili," Hashimu alisema.

Tawete aliliangalia jiwe. Akaviangalia vile vichuguu ng'ambo ya mchanga. Akaangalia fundo la kanga, na kidogo kidogo uso wa askari ukamtoka, akabaki mtu tu aliyevaa sare.

"Nani huyo?"

"Bibi yangu, mzaa mama. Walihamishwa kabla hajamwagiwa unga. Mama bado anangoja."

Tawete alivua kofia, akaegemeza bunduki kwenye shina. Halafu alijilaza chali kando ya lile jiwe, mikono kifuani, akafumba macho.

"Osmundi, unafanya nini?"

"Nimekufa. Hapa hamwagi mtu unga mpaka mtani apewe haki yake. Mmezika watu kimyakimya, miaka yote hii, bila kumwita mtani! Adabu mmeiacha wapi, ninyi wala panya?"

Hashimu alicheka, kicheko kikageuka katikati, akawa analia waziwazi kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Hajalia hivyo tangu mjomba wake azikwe. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Mtani alale kaburini, agome kuondoka, atukane ukoo mzima, mpaka wafiwa wacheke ndipo mazishi yaitwe mazishi. Bibi yake alikuwa amezikwa kwa haraka, bila mtani. Sasa mtani alikuwa amefika.

"Unataka nini?"

"Mkanda wako."

"Suruali itaanguka."

"Ianguke. Bibi yako acheke kidogo. Babu zangu walimkimbiza huyu wakamkosa, alikuwa na mbio balaa. Leo nimempata amelala, nimeondoka na mkanda wa mjukuu tu. Aibu gani hii!"

Hashimu alivua mkanda akampa. Tawete aliuvaa juu ya mkanda wa sare, akasogea pembeni, akapiga magoti. Na Hashimu, mkono mmoja umeshika suruali, wa pili unafungua fundo kwa msaada wa meno, alikaa upande wa mashariki wa jiwe na kusema bismillahi.

Aliuachia unga upite kati ya vidole taratibu, usimwagike kwa pupa, ukajijenga wenyewe kuwa kilima chembamba chenye ncha.

"Bibi, Binti Mkwanda," alisema, "ni mimi, mtoto wa Somoe. Hujanijua, nimezaliwa ng'ambo. Somoe hajambo, ila macho yamemwacha. Unga huu amesaga yeye. Anasema umwie radhi kwa kuchelewa, njia ilifungwa. Hakukusahau. Hata siku moja hakukusahau. Na huyu Mngoni usimjali, ana njaa tu."

"Amina," Tawete alisema.

Walikaa pale wakiutazama unga. Njiwa alikuwa akiita mahali fulani. Kwao unga huachwa usiku kucha, na alfajiri mtu huja kutazama. Ukikutwa umesimama na ncha yake, umepokelewa. Ukikutwa umeanguka, wenyewe wamekataa.

Walipoinuka Tawete alivunja tawi afute nyayo zao. Hashimu alimshika mkono.

"Usifagie. Ukifagia nyuma yako kwa wafu umewafukuza."

"Chande ataziona nyayo hizi kesho! Atazisoma moja moja."

"Na azisome."

Tawete alitupa tawi. Waliondoka bila kugeuka nyuma, kama inavyotakiwa, mmoja ana mikanda miwili na mwenzake ameshika suruali.

Alfajiri Hashimu alikuwa anatia udhu aliposikia mlio. Ulikuwa mmoja tu, wa mbali, kutoka upande wa vijito. Maji yalimwagika yote kutoka kwenye kopo. Alisubiri wa pili, kwa sababu wa pili ungekuwa na maana kwamba wa kwanza ulikosa. Haukuja.

Gari lilirudi likipiga honi. Wapishi walitoka na sufuria na miiko, wakaimba ule wimbo wa kumpongeza mwindaji, ambao hakuna anayejua aliyeutunga, ila babu zao waliwaimbia babu wa wazungu hawa. Walimbeba mgeni kwenye kiti wakamzungusha kambi nzima. Mzee yule machozi yalikuwa yakimtiririka. Hashimu naye alipiga makofi, kwani kutopiga kungeonekana. Chande alishuka na bunduki ya pili ya bwana wake, akaitazama miguu ya Hashimu, kisha uso wake, akaenda zake jikoni, na habari ya nyayo hakumpa mtu.

Walimlaza chui bandani juu ya majani mabichi. Alikuwa dume la makamo, zuri kupita kiasi. Mgeni aliomba aachwe naye kidogo, akapiga goti, akamwekea mkono kichwani na kusema kitu kwa lugha yake, polepole. Hashimu hakuelewa maneno, lakini sauti aliielewa. Mtu yule alikuwa amempenda chui huyu kweli. Hilo lilimsumbua kuliko kama angekuja anacheka.

Alipoondoka mgeni, Hashimu aliunyanyua mguu wa mbele wa kulia ili aanze kazi, akauona unga.

Ulikuwa umejaa kati ya vidole, umeshikana kwa umande. Ulikuwa kwenye kidevu pia, na kwenye ndevu, punje punje. Hakuukanyaga tu. Aliinama, akaunusa, na inaelekea aliulamba.

"Hii nini, nyeupe?" Bwana Kofia alikuwa amesimama mlangoni.

Hashimu aliufunika mguu kwa kiganja. Ni Tawete aliyejibu kutoka nyuma, mkanda wa Hashimu bado uko kiunoni mwake.

"Chumvi hiyo, bwana. Banda hili hata nzi wana chumvi."

Bwana Kofia alitabasamu akaitazama saa. "Fanya vizuri, Hashimu. Hii ni ya mwisho." Kisha akakumbuka, na ni lazima wema wake usemwe, kwamba alikumbuka mwenyewe. "Ukimaliza, niambie. Nilikuahidi kukupeleka."

"Hakuna haja tena, bwana," Hashimu alisema.

Alimchuna kwa utaratibu ambao hakuwahi kuutumia kwa mnyama yeyote. Alifuata kila kidole mpaka kiungo cha mwisho. Aligeuza masikio, akagawanya midomo, akalinda mizizi ya ndevu isikatike. Damu aliisafisha. Unga hakuugusa. Alipofika kwenye kupaka chumvi aliimwaga juu ya mguu ule kwa viganja viwili, mpaka ukawa mweupe mtupu, na mtu asingeweza kusema unga unaishia wapi. Akaiinua ngozi akaitandika kivulini. Ilikuwa inakwenda ng'ambo ya bahari, kwenye ukuta wa nyumba asiyoijua, na chakula cha bibi yake kati ya vidole.

Kambi ilivunjwa wiki ile ile. Gari lilimshusha barabarani, akatembea mpaka nyumbani na begi lake, na kamba ya katani kiunoni badala ya mkanda.

Bi Somoe alikuwa amekaa kizingitini, uso ameuelekeza njiani. Alikuwa amemjua kwa hatua. Hakungoja salamu, alinyoosha mkono, na Hashimu akaweka kile kipande cha kanga ndani yake. Mama alikipapasa. Alikikunjua, akakikung'uta, akapitisha vidole kwenye pembe zote. Kilikuwa kitupu.

"Ulipaona," alisema.

"Nilipaona, mama. Jiwe lipo vile vile mlivyoliacha."

Bi Somoe alifunika mdomo kwa ile kanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hashimu alikaa chini karibu naye, akamshika goti.

"Na alfajiri?" aliuliza mwishowe. "Ulikuta umesimama?"

Alikuwa amejiandaa kusema ndiyo. Njia nzima alikuwa amejiandaa. "Haukusimama, mama. Chui aliukanyaga. Akaulamba."

Mama aliipapasa tena ile kanga. Hashimu aliogopa kumtazama. Kisha akasikia kitu ambacho hajakisikia miaka mingi. Mama yake alikuwa anacheka, kicheko chembamba cha msichana.

"Basi nyumbani kuna mtu," alisema. "Alhamdulillahi! Mimi nilidhani pamekufa. Kumbe kuna mtu, na amekula." Alimkamata mkono. "Ulimwona mwenyewe?"

"Nilimwona."

"Kwa mbali?"

"Karibu."

"Karibu vipi?"

"Kama nilivyo na wewe hapa."

"Na hakukudhuru!"

"Hakunidhuru, mama. Alitulia tu."

"Hebu niambie alivyo."

Akamwambia. Sikio la kushoto lina pengo kwenye ukingo, la zamani. Begani ana kovu, manyoya yameota juu yake lakini yanalala upande. Chini ya kidevu ni mweupe kabisa. Nyayo zake laini, na katikati ya vidole ana manyoya mororo ambayo mtu hawezi kuyajua kama hajayagusa. Alisema yote kwa sauti ya chini, na mama alikuwa akiitikia kila neno kwa kichwa, midomo imefunguka kidogo, anameza.

"Amekujua," Bi Somoe alisema. "Mnyama hamwachii mtu amsogelee hivyo. Amekujua wewe ni wa kule."

Hashimu alifungua kinywa. Aliona lazima aseme, kisha akaona hawezi, kisha akaona lazima.

"Na macho?" mama aliuliza. "Alipokutazama, macho yake yalikuwaje?"

Macho aliyatoa kwa ncha ya kisu akayatupa majanini, kama ya wengine wote. Huko ngozi iendako, huwekewa ya kioo.

Kuku walikuwa wakipekua uani. Bi Somoe alikuwa amemgeuzia uso wake wote, kipande cha kanga mkononi, anangoja.